Lenzi ya Jicho la Samaki

Januari 12

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku wote wazima, ukiacha mafua ya Baba ambayo ameyapenda mpaka hataki kuachana nayo. Sijui wewe mgongo wako, na hiyo baridi, na yule msimamizi wako mwenye mdomo.

Kwenye bahasha utakuta kanda. Ni mwanao. Uliandika kwamba ile picha yake moja uliyo nayo umeishikashika mpaka imechanika pembe, ndiyo nikaitoa kamera yako ya video kabatini. Betri ilikuwa imekufa, nikapata nyingine. Kamera yenyewe haina neno, bado ina ule mkanda wa begani uliokuwa ukiuvaa kwenye harusi za watu.

Springi sasa ana miaka kumi na saba, na siku hizi maisha yake ni skeitibodi. Ni ubao wenye magurudumu manne, unasimama juu yake unakwenda nao, halafu unaruka nao kama umegundishwa miguuni. Anaruka ngazi, anaruka mabomba, anaruka kila kitu isipokuwa zamu yake ya kuosha vyombo. Yeye na wenzake wanne wanashinda kwenye uwanja wa simenti mbele ya ile benki iliyofungwa.

Lakini shangazi, hajui kwamba kanda ni yako. Nimemwambia najifunza kupiga video. Jina lako likitajwa bado anaondoka mezani. Ulisema unaondoka miezi sita, akaihesabu yote kwenye kalenda. Sasa ni miaka minne na ukipiga simu hata chumbani haingii. Basi nilisimama ng'ambo ya barabara, karibu na ukuta, nikampiga kutoka huko. Samahani kama haonekani vizuri.

Ni mimi, binti wa kaka yako


Februari 3

Mwanangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Mgongo upo, unanikumbusha kila ninapoinamia beseni la mtu. Msimamizi amekwenda likizo, tumepumua. Mwambie kaka mafua hayaponi kwa kuyasimulia.

Kanda nimeipata Jumanne. Jirani yangu wa chumba cha pili ana mashine ya kuionyeshea, nikaenda hata sijavua sare ya kazi. Nimeiangalia mara sita. Nitakwambia ukweli: nimeona sisimizi. Sisimizi watano, mmoja wao ametoka tumboni mwangu, na sikujua ni yupi mpaka alipojikuna sikio kwa bega kama alivyokuwa akifanya utotoni. Nililia mpaka jirani akadhani kuna msiba.

Naomba usogee. Na usivute picha kwa kitufe. Ukivuta ukiwa mbali, mkono ukitikisika kidogo tu picha nzima inacheza, na mtu anayekwenda mbio anakutoka. Hao vijana wa ubao hawapigwi hivyo. Nimewaona huku wakirekodiana. Mwenye kamera anachuchumaa, kamera inakaribia kugusa chini, na mbele yake kuna lenzi iliyovimba kama nusu ya chungwa. Wanaiita jicho la samaki. Inakusanya kila kitu, ngazi, mbingu na mrukaji mwenyewe kuanzia viatu mpaka nywele, hata ukiwa hatua mbili tu kutoka kwake.

Nenda kwa muuza kamera kuukuu, yule wa nyuma ya posta. Uliza anazo zipi, uniandikie kabla hujanunua. Usimsikilize sana, yule anaweza kukuuzia mfuniko wa birika. Mwenzangu wa kazini anakuja huko mwezi huu, atakuletea cha kulipia.

Nataka kumwona uso. Sitaki kingine.

Shangazi yako


Februari 25

Shangazi,

Shikamoo. Mwenzako amefika salama na mzigo wote nimeupata. Baba amepona mafua, sasa ameanza goti.

Nilitoroka dukani saa ya chakula, nikamwachia mwenzangu mashine ya fotokopi, nikaenda nyuma ya posta. Mzee yule anazo tatu. Nilimuuliza tofauti yake ni nini, akasema, "Hii ni kali, hii ni kali zaidi, na hii usiombe." Kwa hiyo nimezikagua mwenyewe.

Ya kwanza ni kubwa, nzito kama kopo la maziwa ambalo halijafunguliwa, kioo kimetokeza mbele. Nilipochungulia, duka zima lilikuwa duara na pembe zote nne nyeusi. Imeandikwa 0.3. Haiingii kwenye kamera yako mpaka ipate ringi ya kuunganishia, naye ringi anayo. Ya pili ni ndogo, ya plastiki, inashika kwa sumaku. Hiyo aliisifia sana, ndiyo maana nimeitilia shaka. Ya tatu ni ya wastani, imeandikwa 0.42, na mdomo wake ni milimita 37, sawasawa na kamera yako. Ila ina mkwaruzo mdogo kwenye kioo.

Nichukue ipi? Anasema kuna mtu mwingine anaitaka ile kubwa. Najua ni uongo, lakini andika upesi.

Springi amejipasua kiwiko. Si kitu, ameshaanza kujivunia.

Binti wa kaka yako


Machi 14

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Nimeandika hii nikiwa nimesimama chumba cha kufulia, mashine zinanguruma, basi ukiona mwandiko unaruka ujue ndizo zinazoruka.

Ya sumaku iache. Kijana akitua kwa kishindo tu, hiyo itakuwa mtaroni. Ya tatu ni lenzi nzuri, na mkwaruzo wa mbele usikutishe, kwenye lenzi pana hauonekani sana. Kinachoua lenzi ni ukungu wa ndani. Mulika tochi, ukiona kama utando wa buibui, rudisha. Halafu, kabla ya kulipa, piga ukuta wa matofali. Mistari ya pembeni itapinda, ndiyo kazi yake. Lakini isififie.

Kwa akili ya kawaida ningekwambia chukua ya tatu. Ni nyepesi, haina weusi kwenye pembe, na ukisimama mbali kidogo bado unapata picha. Mimi nakwambia chukua ile kubwa. Hiyo ukisimama mbali hupati kitu, inakulazimisha umsogelee mtu mpaka usikie pumzi yake, na mimi nataka usogee. Weusi wa pembe utapungua ukivuta picha kidogo sana. Ni nzito, kwa hiyo shika kamera kwa ule mpini wa juu, mkono wa pili uwe chini ya lenzi. Chuchumaa. Angalia kile kioo kidogo cha pembeni kinachoonyesha picha, mweke katikati, na umfuate. Ukimwona mdogo kwenye kioo, sogea. Bado mdogo? Sogea tena.

Usiogope. Shangazi yako amepiga harusi mia mbili na ushee, na hakuna tukio lililowahi kumponyoka.

Shangazi yako, fundi wa zamani


Aprili 6

Shangazi, shikamoo sana!

Tuko salama salimini. Nimeichukua kubwa. Ukuta wa matofali nilioupiga ni wa choo cha soko, watu wakanishangaa, lakini mistari ilikuwa safi.

Kanda ndiyo hiyo. Siku ya kwanza nilijificha ficha kama mwizi. Springi akaniona, akasema, "Dada, kama unapiga, piga. Njoo huku." Akanionyesha mahali pa kuchuchumaa. Wakati wa kuangalia walijazana wote watano kwenye kile kioo kidogo, wakapiga kelele mpaka mlinzi akatoka. Springi alisema, "Hii ndiyo yenyewe." Shangazi, ana miaka minne hajaniambia sentensi nzima nzuri. Sasa ananibebea kamera, ananiuliza kesho natoka kazini saa ngapi. Nusura nimwambie lenzi ni ya nani. Nikaumeza.

Utamwona uso. Dakika ya kumi na mbili anakuja moja kwa moja, anapita karibu mpaka upepo wake unasikika.

Wanajiandaa na ngazi saba za benki. Hakuna aliyewahi kuziruka zote. Anataka nikae chini kabisa, karibu na pale anapotua. Amesema mwezi ujao, kiwiko kikipona.

Binti wa kaka yako mwenye magoti yenye vumbi


Aprili 24

Mwanangu,

Marahaba mara mia. Nimemwona. Ana ndevu tatu kidevuni! Lile jino la mbele alilolivunja kwa kizibo cha soda bado limekatika vile vile. Pua imekuwa ya marehemu baba yake, na shingo ni yangu. Alipokuja dakika ya kumi na mbili nilirudi nyuma kwenye kiti, jirani akacheka. Sina cha kukulipa, mwanangu. Nimekuwa nikifanya kazi wiki nzima nikitabasamu mbele ya vyoo vya watu.

Sasa sikiliza, kuna jambo sikukwambia, na usizikaribie hizo ngazi saba kabla hujalisoma.

Jana nilikuwa nasafisha nyumba ya ghorofa ya nne, mlango ukagongwa. Nikachungulia kwenye kile kitundu cha mlango. Nikamwona mtu mdogo kabisa mwisho wa korido. Nikafungua kwa nguvu, mlango ukampiga mtu paji la uso. Alikuwa amesimama pale pale. Kile kitundu ni jicho la samaki, mwanangu, ni kioo kile kile ulicho nacho wewe. Kinamfanya aliye karibu aonekane yuko mbali.

Kwenye harusi ya kumi hivi niliwahi kuingiza kamera ndani ya keki. Keki ya ngazi tatu, bwana harusi ameshika kisu. Kwenye kioo kidogo ilionekana iko mbali, nikawa nasogea, nasogea, mpaka krimu ikaingia kwenye lenzi. Nililijua hili siku zote. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka unione fundi, nikaona hadithi ya keki itanishushia hadhi.

Kwa hiyo: usiangalie kile kioo anapokujia. Kioo ni cha kumweka katikati tu, kabla hajaanza. Akianza, inua macho, umwangalie kwa macho yako mwenyewe, na umbali uupime kwa hayo. Na usikae anapotua. Kaa pembeni.

Nilipiga simu ya kaka mara mbili, haikupokelewa. Nikasema barua itatosha, si wamesema mwezi ujao.

Shangazi yako


Mei 9

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya Aprili 24 imeletwa leo asubuhi. Leo ni siku ya saba tangu ajali.

Baba ameshakupigia simu, na aliyokwambia ni kweli, ila hakujua yote, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake nikanyamaza. Alikwambia Springi ameanguka kwenye ngazi. Hakuanguka hivi hivi.

Kiwiko kilipona mapema. Alijaribu mara nne, kila mara anaurusha ubao na kushuka kwa miguu, yuko sawa, anacheka. Mimi nilikuwa chini nimechuchumaa kama ulivyonifundisha. Kwenye kioo alionekana mdogo sana, nikajua kanda itakuja kwako na utaona sisimizi tena. Mara ya tano nikasogea. Akaja, akaruka, na kwenye kioo alikuwa bado mdogo, bado yuko juu kule, nikasogea hatua moja zaidi. Halafu kioo kikajaa.

Nilikuwa nimekaa pale pale anapotua. Aliniona akiwa hewani. Akaupiga ubao teke ukaenda pembeni, akajipinda ili asiniangukie, akatua mguu mmoja kwenye ncha ya ngazi ya mwisho. Nilisikia mfupa. Mimi sina hata alama. Ubao ulipiga lenzi, kioo kina ufa kama unywele.

Mguu wa kulia umevunjika mara mbili chini ya goti, na goti lenyewe limeharibika. Wameweka vyuma. Daktari wa mifupa amesema atatembea. Kuhusu kuruka hakusema kitu, na Baba hakuuliza.

Kila mtu anasema ajali ni ajali. Springi mwenyewe hajamwambia mtu kwamba ni mimi. Kamera haikuzimika, yote yamo kwenye kanda. Nimeiweka humu kwa sababu nikibaki nayo nitaiangalia kila siku. Usipotaka kuiona, nitaelewa. Nisamehe, shangazi. Sijui naomba msamaha wa nini kwanza na wa nini baadaye.

Binti wa kaka yako


Mei 30

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, kama mtu anaweza kuitwa mzima. Nyinyi hamjambo? Kula. Kaka amesema huli.

Nimeiona. Mara moja tu. Jirani alinishika mkono. Usiniombe msamaha. Ulifanya nilichokuambia, neno kwa neno. Nani aliandika sogea? Nani aliandika bado mdogo, sogea tena? Kulikuwa na lenzi ya tatu, nyepesi, ambayo ungeweza kusimama nayo mbali, na mimi niliijua, nikakuchagulia nyingine kwa uchu wangu. Na keki niliificha kwa ajili ya sifa. Hatia hii si yako, ni yangu, na iko mbali nami kiasi kwamba hata kuibeba siwezi.

Nilikwenda ofisi ya vibali vya ukaazi. Yule dada wa dirishani ni mpole, aliniruhusu nimalize kulia. Kesi yangu bado iko mezani kwa mtu. Nikitoka sasa, kurudi hakuna, na bila mshahara huu, huo mguu hautapata upasuaji wa pili. Kwa hiyo mama yake nipo hapa nafua mashuka ya wageni, naye analazwa na kugeuzwa na watu wengine.

Kuna kitu nataka kukuuliza. Akiwa hewani, kabla hajajipinda, uso umejaa kwenye picha, midomo yake inasema neno. Sauti imemezwa na upepo. Nimefikiri sana ni neno gani. Muulize, tafadhali, kama anaweza kuulizwa.

Na ile lenzi ifungue, uiweke mbali. Akianza kutoka nje, simama ng'ambo ya barabara pale uliposimama Januari. Nitatosheka na sisimizi.

Shangazi yako


Juni 28

Mwanangu,

Hamjambo huko? Sijapata jibu. Kaka kwenye simu anasema wote wazima, anasema goti lake, anasema mvua, hasemi kitu. Kama nimekukosea kwa barua ile, niambie. Kama huwezi kuandika, weka karatasi tupu kwenye bahasha uitume, nitajua mko.

Shangazi yako


Julai 19

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Hujanikosea. Nilikuwa naanza barua naichana, kwa sababu ulitaka jibu na jibu sikulipenda.

Nilimuuliza. Alisema neno lilikuwa "toka". Toka hapo, dada. Hilo tu. Ningeweza kukutungia jingine, nilifikiria hata hilo, lakini tumeshaumizana vya kutosha kwa kuficha vitu.

Akaniuliza kwa nini nauliza. Nikamwambia yote, kanda, lenzi, barua. Akasema, "Tangu lini?" Nikasema Januari. Akageukia ukutani na hakuniongelesha kwa wiki tatu. Barua zako niliziacha juu ya meza yake. Siku moja nikazikuta zimepangwa upya kwa tarehe, sijui kazisoma au kazipanga tu.

Sasa anatembea kwa magongo mawili. Goti halikunji. Daktari alisema mwenyewe bila kuulizwa kwamba ubao aufute kichwani. Springi alisema sawa, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa.

Jana nilifanya ulivyoniambia. Niliiondoa lenzi kubwa, nikasimama ng'ambo ya barabara, karibu na ukuta. Alikuwa amekaa ngazi ya kwanza anawaangalia wenzake. Asubuhi nilikuwa nimemwambia: leo napiga, na ni ya mama yako, ukitaka kuondoka ondoka. Hakuondoka. Kwa dakika kumi hivi utaona sisimizi amekaa. Halafu utamwona anachukua magongo, anasimama, anavuka barabara. Gari moja lilisimama kumpisha. Nilidhani anakuja kuninyang'anya kamera.

Mimi sikusogea, shangazi, hata hatua moja. Ni yeye aliyekuja, polepole, mpaka uso ukajaa, mpaka ukaingia ukungu kwa sababu amezidi kuwa karibu. Akaegemeza gongo moja ukutani, akanyoosha mkono, akaziba lenzi ya kamera kwa kiganja. Hakusukuma. Aliuacha pale. Nikamuuliza, "Nizime?" Akatikisa kichwa. Nikamuuliza, "Nimwambie nini?" Akatikisa kichwa tena. Sijui alikuwa na hasira au alikuwa na nini. Naishi naye nyumba moja na sijui, sembuse wewe uliye huko.

Tulisimama hivyo mpaka kanda ikaisha. Kwa hiyo ukifika mahali picha inakuwa giza, lenye wekundu kidogo pembeni kwa ajili ya jua, usimwite jirani aje kuangalia mashine. Kanda ni nzima. Ni mkono wake.

Binti wa kaka yako